Mstari wa Kroton Ishirini na Mbili

Jumamosi ile timu ya nyumbani ilipofungwa mabao matatu bila jibu pale Kinoru, mashabiki walitoka uwanjani na hasira zao zote kwa lango moja, na lango lenyewe linatazamana na kitalu cha Kananu. Kananu alisimama mbele ya mikebe yake ya miche, mikono ameitanua kama kuku aliyeona mwewe. Alivaa gauni la zambarau, kitambaa cha manjano kichwani na gumbuti nyeupe kama za mtu wa bucha. Ukimtazama kwa mbali ungedhani ni mmea mmojawapo umeota miguu.

"Pitieni kule! Hapa si njia, ni ofisi!"

Umati ukamsikia, ila kijana mmoja mrefu hakuwa na uwezo wa kusikia na kugeuka kwa wakati mmoja. Alikuwa amebeba begani mashine ya kupimia ardhi, ile yenye miguu mitatu. Akasukumwa, akayumba, mguu mmoja ukatua katikati ya mche wa koliasi nyekundu iliyokuwa imeanza kujipenda.

"Ondoa huo mguu!"

"Upi, dada? Tuko na miguu mitano hapa. Miwili yangu, mitatu ya serikali."

"Ule mjinga."

"Basi ni wangu," akasema, akauinua wa mashine.

Kananu alitaka kukasirika vizuri, lakini kicheko kikamtoka kabla. Kijana akaweka mashine chini, akapiga magoti na kuanza kunyoosha koliasi kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Aliitwa Runji, mtu wa Embu, msaidizi wa mpima ardhi. Walikuwa wameletwa Meru wiki tatu kupima mtaro wa maji ya mvua.

Alipomaliza, akamwona Kananu akichomoa vishada vya maua ya samawati kwenye koliasi nyingine na kuvitupa chini.

"Sasa wewe unauza maua halafu unayang'oa maua?"

"Nani amekuambia nauza maua? Soma kibao."

Kibao kilikuwa kipande cha mabati juu ya mti, kimeandikwa kwa rangi nyeupe: MAJANI TU. MAUA TAFUTA KWINGINE.

"Koliasi ikianza kuchanua," Kananu akaeleza, "inasahau majani. Inakonda, inapauka, inarefuka shingo. Kama mtu aliyeingia siasa."

Runji akacheka mpaka mashine ikatikisika. Siku ya pili akarudi kuuliza hali ya mgonjwa. Siku ya tatu akarudi kumpa pole mgonjwa. Siku ya nne mgonjwa alikuwa amepona kabisa, na Runji akarudi tu.

Sasa, usidhani ni kazi rahisi kuuza majani Meru. Huku jani lina kazi mbili: ama linatafunwa kama miraa, ama linapewa ng'ombe. Jani la kutazamwa ni kama shati la kuning'iniza ukutani. Mjomba wake Kananu, Mutuma, alikuwa akipita pale kila asubuhi na swali lilelile: "Mwari, leo mbuzi wamenunua?" Kanisani walimwombea apate kazi, na yeye amekaa benchi la mbele, hana hata siku moja aliyokosa kazi. Kananu hakubishana. Alizidisha tu mikebe. Ukifika kwake ungekuta kroton zenye majani kama moto uliomwagiwa rangi, koliasi zenye kingo za kijani kibichi na tumbo la damu ya mzee, kaladiamu nyeupe za kivulini zilizochorwa mishipa ya waridi, nyembamba kama karatasi. Alizijua kama mama anavyojua wanawe: yupi anataka jua la asubuhi, yupi ukimpa mbolea nyingi anarudi kuwa kijani mtupu kwa ulafi.

Runji alizipenda. Ama alimpenda mwenyewe, na majani yakaingia bila tiketi. Mtaro ulipokwisha akarudi Embu, na mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Habari ya Bwana Mita?"

"Mbaya. Nimepima umbali kutoka hapa hadi kwako. Nimekuta ni mrefu kuliko ramani inavyosema."

"Uongo."

"Wallahi, Kroton wangu."

"Wewe ni wa kanisa, Wallahi umetoa wapi?"

"Mapenzi hayana dhehebu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa miezi mitano. Mwezi wa sita Runji akaja na gari la ofisi na neno zito: nyumbani wanataka kumwona. Lakini kabla ya kuonekana yeye, Kananu akataka yatangulie majani yake. Akachagua kroton ishirini na mbili, zilizokaza shina, akazipanga kwenye buti la gari zikajaa hadi kwenye kioo.

"Zawadi ya mama yako. Sikiza vizuri: zipande vikundi, tatu hapa, nne pale, karibu na nyumba, zipate jua. Kroton haipendi shule ya bweni. Na ukishapanda usihamishe. Ukimhamisha anatupa majani yote kwa hasira."

"Kama Mmeru."

"Kama Mmeru. Umeelewa?"

"Vikundi, jua, hasira. Nimeelewa."

Hakuelewa.

Wiki mbili zikapita. Kila Kananu akiuliza kroton zinaendeleaje, simu ya Runji inakuwa na shida: mara mtandao, mara chaji, mara "niko kwa mkutano" na nyuma kunasikika jogoo. Mwishowe akambana.

"Runji. Miche yangu."

Ikaja sauti ndogo: "Mbuzi walikula."

"Zote?"

"Zote, mpenzi. Hata mimi nililia."

Kananu akashusha simu polepole, akatazama kroton iliyo karibu naye. Nyumbani kwao Ruiri kulikuwa na mbuzi kumi na wanne, na kando ya zizi kulikuwa na kroton mbili alizozipanda akiwa kidato cha pili. Mbuzi wale walikula nguo kwenye kamba, walikula daftari la dini, siku moja walikula nusu ya ndala ya pasta wa kanisa. Kroton hawakugusa. Utomvu wake ni mchungu. Mbuzi akionja mara moja anawasimulia wenzake.

Kwa hiyo ni uongo. Lakini uongo wa kuficha nini? Usiku huo hakupokea simu yake. Alijijibu mwenyewe, na majibu ya mtu aliye peke yake huwa mabaya: mama yake amezitupa. Runji anaona haya. Anaona haya kusema anapenda muuza majani.

Asubuhi simu ikalia, namba asiyoijua, sauti nzito ya mwanamume.

"Ni wewe msichana wa majani?"

"Inategemea nani anauliza."

"Mimi ni Njuki, kaka mkubwa wa Runji. Wazee wa nyumba wamekaa. Jumamosi uje Embu ung'oe mpaka wako, na uje na mbuzi wa faini."

"Mpaka? Mpaka gani?"

"Zile kroton umepanda kwa shamba la baba."

"Si zililiwa na mbuzi?"

"Mbuzi gani? Ziko hapa zinametameta kama polisi wa trafiki!"

Ndipo Kananu akaelezwa, kwa ukali, kile ambacho mtoto yeyote wa upande ule anakijua kabla ya kujua kuhesabu. Mimea ya kudumu ikipandwa mstari mmoja kukata shamba, hiyo si bustani tena, ni mpaka. Zamani walitumia itoka, lile yungiyungi la porini, siku hizi mtu hutumia chochote. Mstari ndio unaosema. Na kroton zimepandwa mstari, kutoka langoni hadi kwenye ghala, katikati kabisa ya shamba, baba akiwa hai na hajagawia mtu hata futi. Majirani wamepita, wameona, wamesema: Runji ameshachukua upande wake. Wengine wamesema zaidi: ni yule msichana wa Meru anamsukuma, hajaolewa na ameshagawa urithi. Na hakuna wa kuzing'oa, kwa kuwa aliyeng'oa mpaka ambao hakuupanda anajitafutia laana. Aliyepanda ndiye ang'oe.

"Na Runji amesema nani alipanda?"

"Tulimuuliza. Akasema ni miche ya Kananu."

Miche ya Kananu. Si uongo hata neno moja. Kananu aliona afadhali ule wa mbuzi.

Akampigia.

"Mpenzi, nilikuwa nataka kukueleza..."

"Usiniite mpenzi, niite mgawa mashamba. Ulipanda kwa kamba?"

"Kananu, mimi ni mtu wa kupima. Nikishika kitu mkono unaenda straight. Nilitaka kipendeze."

"Halafu wakauliza, ukanipa mimi."

"Niliogopa baba. Nilidhani litapoa."

"Runji, mimi nimetukanwa kwa sababu ya majani tangu nianze, na sijawahi kumsukuma mtu mbele yangu apigwe badala yangu. Hata koliasi." Akakata simu. Halafu akaketi juu ya mkebe uliogeuzwa na kulia kwa dakika nne, akiwa anang'oa maua, maana kazi ni kazi.

Rafiki yake Lorna, anayeuza chai kibanda cha pili, akaja na kikombe.

"Usiende, dada. Wanaume wa kuogopa baba wako wengi, utapata mwingine hata hapa stendi."

"Nitaenda."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi nampeleka wapi? Mimi sikukosa."

"Ukifika na mikono mitupu watakufukuza."

"Wanifukuze nikiwa nimeshaongea. Nisipoenda, Lorna, hapa Kinoru hadi Embu nitakuwa yule wa kugawa urithi wa watu. Jina likishapandwa vibaya ni gumu kung'oa."

Jumamosi akashuka Embu saa nne asubuhi. Alivaa sketi nyeusi ya kanisani, blauzi ya rangi ya machungwa iliyopigwa pasi ikakubali, kitambaa cha manjano kilekile, na gumbuti nyeupe. Alifikiria viatu vya kisigino, akasema hapana. Kama wanaita mtu wa majani, basi aende mtu wa majani.

Boma la kina Runji liko nje kidogo ya mji, njia ya Runyenjes, katikati ya kahawa na migomba. Langoni tu akaiona kazi. Akasimama. Moyo wake, uliokuwa umejiandaa kwa vita, ukashikwa na kicheko cha uchungu. Kroton ishirini na mbili zilikuwa zimenyooka kama wanafunzi kwenye gwaride, nafasi kwa nafasi, kichwa kwa kichwa. Na zilikuwa zimestawi! Jua la Embu lilikuwa limezichoma rangi ambayo Kinoru haijawahi kuiona: machungwa yaliyoiva, damu, manjano ya yai la kienyeji.

Chini ya mparachichi wa mbele ya nyumba walikuwa wameketi watu wanne. Mzee Njiru, baba mwenye boma, fimbo kati ya magoti. Mama Njuki, mkewe, na leso imefungwa kwa ukali. Njuki mwenyewe, mpana kama mlango. Na pembeni Runji, amekonda wiki moja, macho chini.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," akasema Mzee. "Mbuzi yuko wapi?"

"Baba, shikamoo. Mbuzi nitaleta nikionyeshwa kosa langu. Naomba kwanza mtu mmoja apime nafasi kati ya mche na mche."

Njuki akacheka. "Umekuja kung'oa ama umekuja kufundisha?"

"Pima, kaka. Ukikuta nimedanganya, nitang'oa na nitaleta mbuzi wawili."

Mzee alipenda mtu anayeweka dau. Akainuka mwenyewe, akaziendea, akapima kwa fimbo. Moja. Mbili. Akaenda hadi ya kumi. Fimbo ilikuwa inaangukia palepale kila mara. Akakuna kidevu.

"Ziko sawa kabisa."

"Sawa hadi unywele," akasema Kananu. "Baba, mimi nimepanda maelfu. Mkono wangu unapanda kwa jicho; huku mbili zinagusana, huku pana pengo la kuku kupita. Hii si kazi ya mtu wa kitalu. Hii imepandwa na mtu mwenye kamba, vigingi na cheti."

Hakumtaja. Hakumtazama hata. Alitazama kroton. Chini ya ule mparachichi shingo zikageuka moja baada ya nyingine kuelekea pembeni.

Kananu aliona pale kama daraja la mti mmoja: mtu avuke mwenyewe au aanguke. Akajiambia, akinyamaza tena, naenda zangu, na hata barabarani sitageuka.

Runji akasimama.

"Baba, mstari ni wangu. Nilifunga kamba langoni nikaivuta hadi ghalani. Aliniambia nipande vikundi nikaona nijifanye fundi. Sikutaka shamba. Nilitaka mama akitoka nje aone kitu kizuri. Mliponiuliza niliogopa, nikataja jina lake nikajificha nyuma. Yeye hajawahi hata kukanyaga hapa hadi leo."

Njuki akafyonza. Mzee Njiru akarudi kuketi.

"Basi mbuzi ni wako," akamwambia Runji. "Na kesho asubuhi uzing'oe."

"Baba, samahani," Kananu akaingilia. "Ziking'olewa sasa zitatupa majani na kufa. Zina kosa gani?"

"Mwari, mpaka hauwezi kukaa."

"Mpaka ni kwa sababu majirani wameusoma hivyo. Wakiambiwa na aliyepanda kwamba hadai kitu, utabaki mpaka?"

Mzee akafikiri. "Mpaka usio na mdai," akasema polepole, "ni majani tu."

"Na majani ndiyo biashara yangu. Basi Runji azunguke. Jina langu limetembezwa lango kwa lango, na lirudishwe lango kwa lango, kwa miguu yake, kwa mdomo wake. Mimi nitakuwa nyuma nikisikiliza."

"Aibu hiyo," Mama Njuki akasema.

"Ndiyo, Mama. Mimi nimeibeba wiki nzima. Sasa naomba mwenyewe anipokee."

Wakatoka. Lango la kwanza lilikuwa la Bundi, mzee wa kahawa, aliyekuwa anaanika mbegu uani. Runji akakohoa mara tatu.

"Mzee Bundi, zile kroton nilipanda mimi. Si mpaka, sidai shamba. Kananu hana hatia."

"Eti?"

"Amesema kwa sauti ya mbu," Kananu akasema. "Rudia."

Akarudia. Lango la pili akasema vizuri zaidi. Lango la tatu walikuwa wanawake watano wa chama, na mmoja akapiga kigelegele cha kejeli. Runji akainama kama bibi harusi. Kufika la nne alikuwa ameshaizoea dawa, anaimeza bila maji.

"Kroton nilipanda mimi, si mpaka, sidai shamba, Kananu hana hatia, na nitamuoa!"

Wakatembea hatua kumi.

"Umesema nini pale?"

"Nimesema si mpaka."

"Baada ya hapo."

"Kananu hana hatia."

"Runji."

"Ilitoka yenyewe. Nilikuwa nimeshaongeza mwendo, breki zikakataa." Akasimama katikati ya njia, vumbi hadi magotini, jasho limemchora shati. "Lakini si uongo. Nikulishe uongo mwingine kwa nini? Ule wa mbuzi ulinitosha."

"Na ule ulikuwa mbaya kabisa. Mbuzi na kroton!"

"Ningejua ningesema ng'ombe."

"Tembea. Bado malango matatu. Na hiyo ya mwisho usiiseme tena mpaka nikuruhusu."

Akamtii malango mawili. Ilikuwa kazi kubwa. Kila akifika mwisho wa sentensi alikuwa anafunga mdomo kwa mkono, na watu wakashangaa ni jino gani linamuuma. Kananu, nyuma yake, alikuwa anatazama ile shingo nyembamba ikigeuka huku na kule, isijifiche tena, na hasira yake ikawa inapungua bila yeye kuipa ruhusa.

Lango la saba lilikuwa la kwao wenyewe. Mama Njuki alikuwa amesimama katikati yake, mikono kiunoni, kando ya kroton ya kwanza.

"Mama," Runji akaanza, "mstari..."

"Nilijua," mama akasema. "Nilikuona kwa dirisha la jikoni ukifunga kamba. Ulikuwa unapiga mluzi."

Kananu akasogea mbele. "Ulijua, Mama? Na ukaniacha niitwe?"

"Nilijua." Mama Njuki hakushusha macho. "Ukimlaumu mtoto wako nyumba inalia. Ukimlaumu mtoto wa watu, anaondoka na lawama kwao. Nilidhani wewe ni wa kuondoka."

Ndani, redio ilikuwa inasoma vifo. Kananu angeweza kugeuka. Njia ya mji ilikuwa nyuma yake, na jina lake sasa lilikuwa safi lango kwa lango. Alichojia alikuwa amekipata.

"Mimi si wa kuondoka, Mama," akasema. "Runji, sasa unaweza kusema ile ya mwisho."

"Nitamuoa," Runji akasema, haraka, kabla ruhusa haijapoa.

"Na mimi nimekubali. Umesikia, Mama? Nikiwa mtoto wa nyumba hii utanilaumu, sawa, lakini kwa yale niliyofanya mimi. Na hutakosa la kunilaumu. Kwa sababu majani nakuja nayo, yote, na kibao changu, na mwaka ujao nataka kando ya hii barabara watu wa Runyenjes wapunguze mwendo wakifika hapa. Wakiuliza ni nini hiyo, useme ni majani tu ya mke wa Runji. Wakicheka, waache wacheke, nimewazoea."

Mama Njuki akamtazama kuanzia kitambaa cha manjano hadi gumbuti. Akasogea kando, nusu ya lango.

"Ingia," akasema. "Lakini hayo magumbuti uyavulie nje."

"Hapana, Mama," Kananu akasema, akaingia nayo.